Kabla Rangi Haijapulizwa: Kung'oa Mapambo ya Nje ya Gari la Kale

Mwenye gari la kale anayetafuta fundi wa rangi hukutana mapema na jambo la kumtatiza. Fundi wa kwanza humtajia bei fulani. Wa pili, aliye hatua chache tu kutoka kwa yule wa kwanza, humtajia bei inayokaribia kuwa maradufu. Wote wawili husema kazi ni ile ile: rangi bodi nzima. Mteja huondoka akiamini kwamba mmoja wao ni mlaghai. Sisi tunamshauri asitoe hukumu kabla ya kuwauliza wote swali moja: je, vipande vya nje vya gari vitang'olewa, au vitafunikwa kwa gazeti na tepu ya karatasi?

Mara nyingi tofauti ya bei imejificha katika jibu la swali hilo. Kufungua vipande vyote vya nje, kuvihifadhi na kuvirudisha mahali pake ni kazi ya mikono ya siku kadhaa. Kuvifunika ni kazi ya asubuhi moja. Hizo ni huduma mbili zinazouzwa kwa jina moja. Si kosa fundi kutoa huduma ya pili, na zipo nyakati ambapo tungeipendekeza wenyewe. Kosa ni kumwacha mteja adhani amenunua ile ya kwanza.

Tunaposema mapambo ya nje tunakusudia bampa, kanda za alumini au kromu zilizo ubavuni, nembo, pete za taa, vitasa, vioo vya pembeni, antena, na raba zote zinazokutana na bodi. Mifano yetu mingi itatoka katika Volkswagen Beetle. Gari hilo lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na hata leo, miaka mingi baada ya lile la mwisho kutoka kiwandani nchini Mexico mwaka 2003, bado yapo yanayotembea katika barabara zetu. Limeundwa kwa namna nyepesi kueleweka, na mwenye Peugeot 404 au 504, Datsun au Mercedes ya miaka hiyo ataona kwamba mengi tunayoyasema yanamhusu pia.

Kinachotokea chini ya ukanda

Rangi hushika vizuri pale tu ambapo rangi ya zamani imepigwa msasa, ikafutwa mafuta na nta, ikapakwa praima. Ukanda wa alumini ukiachwa mahali pake, msasa haufiki ukingoni mwake. Hubaki mstari mwembamba wenye vumbi, nta na uchafu wa miaka, na rangi mpya hukaa juu ya uchafu huo. Tepu inapobanduliwa, rangi hukatika hapo na kuacha ukingo ulio wazi. Maji huingia katika ukingo huo. Siku ya kukabidhiwa gari hapaonekani kitu. Gari linang'aa na mwenyewe analipa kwa furaha. Baada ya misimu miwili ya mvua, rangi huanza kuinuka kandokando ya kanda na raba, kwanza kama ganda la kitunguu, kisha kwa vipande. Wakati huo fundi atasema gari halikutunzwa, na mteja atakuwa hana la kumwonyesha.

Lililo zito zaidi ni kutu. Kanda za Beetle hushikwa na vibanio vidogo, ambavyo mafundi huviita klipu, vilivyopenyezwa katika matundu ya bodi. Kila tundu ni mahali ambapo chuma kimetobolewa. Kibanio kikicheza, hukwaruza rangi iliyo pembeni mwa tundu. Maji yaliyonaswa nyuma ya ukanda hufanya yaliyosalia. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi kama ule wa Mombasa au Lamu, alumini nayo hulika na kutoa unga mweupe. Haya yote hayaonekani hadi ukanda uondolewe. Anayepaka rangi bila kuung'oa amefunika kutu iliyo hai, nayo huendelea kula bodi kutoka ndani.

Kwa hiyo ukikagua gari la kale unalotaka kununua, pitisha ukucha taratibu kandokando ya ukanda na raba ya kioo. Ukikuta kidaraja cha rangi, au alama ya rangi ya bodi juu ya raba nyeusi, gari lilipakwa bila kufunguliwa. Hiyo peke yake si sababu ya kuliacha, lakini ni sababu ya kuteremsha bei.

Kazi unayoweza kuifanya nyumbani

Sehemu kubwa ya kung'oa mapambo haihitaji fundi. Inahitaji uvumilivu, mwanga na mahali pakavu. Mwenye gari aliyeifanya mwenyewe hupata faida mbili: gharama hupungua, na vipande vyake havilali gereji hata usiku mmoja. Faida hii ya pili tunaiona kuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Pete ya taa ya gari la mwaka 1965 ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni, na kuipata nyingine iliyo halisi ni kazi ya miezi.

Anza kwa picha. Piga picha kila upande wa gari, kisha kila kipande kwa karibu, ukionyesha mikwaruzo iliyopo na jinsi kipande kinavyokaa. Tayarisha mifuko midogo ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika. Skrubu za kila kipande ziingie katika mfuko wake, na mfuko uandikwe kwa maneno kamili: "pete ya taa, mbele, kushoto". Neno "skrubu" peke yake halitakusaidia lolote baada ya wiki sita. Amua pia tangu mwanzo kwamba kushoto ni kushoto kwa dereva aliyeketi ndani ya gari. Wengi wamebadilishana vipande kwa sababu mmoja alikuwa akilitazama gari kutoka mbele.

Siku moja kabla ya kazi, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti za bampa na za madigadi, na urudie jioni. Kabla ya kugusa taa, tenganisha betri. Katika Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, na kifuniko chake kisiachwe wazi: springi za kiti zikigusa ncha za betri zinaweza kuwasha moto.

Beetle yenye mapambo kamili ina kanda saba za bodi: tatu kila upande, yaani ya mbele ya mlango, ya mlango wenyewe na ya nyuma yake, pamoja na moja katikati ya boneti. Nyingine mbili ziko kwenye vibao vya kukanyagia. Kanda hizi ni za alumini laini, na hapa ndipo haraka inapoadhibiwa. Usiingize bisibisi tupu chini ya ukanda. Chukua kipande cha mti mgumu au plastiki kilichochongwa bapa, ubandike tepu juu ya rangi iliyo jirani, kisha anzia ncha moja. Tafuta kibanio cha kwanza kwa kusikiliza na kugusa, weka kifaa karibu nacho kabisa, na uinue kidogo. Nenda kwenye kibanio cha pili, uinue kidogo. Rudi kwenye cha kwanza. Ukanda utoke sawasawa kwa urefu wake wote, kama kifuniko cha kopo la rangi kinavyoinuliwa pande zote. Ukivuta ncha moja kwa nguvu, ukanda utapinda katikati, na alumini iliyokwisha kukunjika hainyooki ikarudi ilivyokuwa. Mkunjo utaonekana kila jua linapoupiga.

Kabla ya kuinua kitu chochote, kagua kwanza upande wa ndani. Katika magari mengine baadhi ya vipande hukazwa kwa nati kutoka ndani ya boneti, buti au mlango, na hakuna kiasi cha kuvuta kitakachoving'oa salama. Nembo za zamani nyingi zina vijiti vyembamba nyuma vilivyopenya kwenye matundu na kushikwa na vibati vya kukaza. Vijiti hivyo hukatika upesi. Visukume kutoka ndani, taratibu, kimoja baada ya kingine. Nembo iliyogundishwa kwa gundi ni rahisi zaidi: ipashe moto kwa kikausha nywele, kisha pitisha uzi wa mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake kama anayekata sabuni.

Pete za taa za mbele hushikwa na skrubu moja kwa chini. Bampa hutoka pamoja na mikono yake, na ni vyema pawe na mtu wa pili wa kulipokea upande wa pili lisije likakwaruza digadi. Vitasa vya milango mara nyingi vina skrubu iliyofichwa ukingoni mwa mlango chini ya raba. Kati ya digadi na bodi mna raba nyembamba ya urembo. Raba hiyo haitolewi vizuri bila kulegeza bolti za digadi, na kwa sababu hiyo ndiyo hupakwa rangi mara nyingi kuliko kipande kingine chochote. Ukiona Beetle ambayo raba zake za madigadi zina rangi ile ile ya bodi, karibu kila mara umeona kazi ya njia ya mkato. Raba mpya si ghali. Inunue kabla gari halijaenda kwa fundi.

Kanda zifungwe kwa kitambaa laini juu ya ubao mrefu ulionyooka, zilazwe chini ya kitanda au juu ya kabati. Zisiegemezwe ukutani.

Tahadhari moja kuhusu vumbi. Rangi za magari ya miaka ya 1950, 1960 na 1970 zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto. Ikiwa utapiga msasa wowote nyumbani, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, na usiifanyie kazi hiyo uani panapochezwa na watoto au panapoanikwa nguo.

Yale ambayo ni heri yaachwe

Hatuungi mkono ushauri wa kung'oa kila kitu. Kioo cha mbele na cha nyuma cha gari la kale hukaa ndani ya raba, na raba iliyokaa juani miaka 40 huwa ngumu kama ganda la nazi. Kuitoa maana yake, mara nyingi, ni kuikata. Ikiwa raba mpya ya aina hiyo hasa ya gari haijafika mkononi mwako, kioo kisitolewe. Tunasema mkononi, si "imeagizwa". Gari lisilo na kioo, lililosimama nje ya gereji likingoja kifurushi kutoka ng'ambo, huingiza maji sakafuni, na sakafu ya gari la kale ni ghali kuliko rangi yake.

Ipo njia ya kati ambayo fundi mzuri anaijua. Kamba laini huingizwa chini ya mdomo wa raba kuzunguka kioo chote, raba ikainuka kidogo, na rangi ikapata kupita chini yake. Kamba ikitolewa, raba hulala juu ya rangi badala ya rangi kulala juu ya raba. Si sawa na kutoa kioo, kwa sababu kutu iliyo ndani ya mfereji wa raba haitaonekana, lakini ni bora mara nyingi kuliko tepu. Njia hii haifai kwa raba iliyokwisha kupasukapasuka.

Vivyo hivyo kwa nembo ambayo vijiti vyake vimeoza na haina mbadala: pima hasara ya kuivunja dhidi ya dosari ndogo itakayobaki pembeni mwake. Uamuzi huo ni wako mwenye gari, si wa kijana aliyeachiwa bisibisi.

Simu ambayo fundi anapaswa kukupigia

Mapambo yakishatoka, yatafunuliwa matundu, na baadhi yatakuwa yameliwa na kutu. Hapa bei iliyokubaliwa huanza kuyumba, na hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Fundi atakuwa na njia tatu: kukata bati bovu na kuchomelea jipya, kusafisha kutu nyepesi na kuizuia kwa praima ifaayo, au kujaza tundu kwa fila na kupaka rangi juu yake. Njia ya tatu ni rahisi na haionekani. Mteja huigundua siku ya kurudisha kanda, anapoambiwa kwamba hapana tena pa kuzifungia. Wengine huzirudisha kwa gundi ya pande mbili, nazo hubanduka kwenye joto. Wengine huambiwa gari "limependeza zaidi bila urembo".

Makubaliano yaseme kwa hiyo kwamba hakuna tundu litakalozibwa, wala bati litakalokatwa, kabla mwenye gari hajaonyeshwa na kukubali gharama. Picha ya simu inatosha, lakini kwenda mwenyewe kunapendeza zaidi. Panda matatu ukaone.

Kuchomelea kuna hatari yake katika Beetle. Injini iko nyuma, na tangi la petroli liko mbele, chini ya boneti, karibu kabisa na sehemu zinazobeba kanda za mbele. Moto wa kuchomelea usiwashwe mbele ya gari hilo kabla tangi halijatolewa na kuwekwa mbali. Fundi anayesema "nitaweka kitambaa chenye maji" ahamishiwe kazi nyingine.

Maandishi

Mikataba ya gereji nyingi ni ya mdomo, na tunajua kwamba mteja anayetoa karatasi huonekana mtu wa kutafuta ugomvi. Toa karatasi hata hivyo. Si lazima iandikwe na wakili. Maneno ya namna hii yanatosha:

"Gari limepokelewa likiwa halina bampa, pete za taa, nembo wala kanda saba za bodi, vipande hivyo viko kwa mwenye gari. Fundi ataondoa vitasa, vioo vya pembeni na raba za madigadi. Vioo vya mbele na nyuma havitatolewa. Raba zake zitainuliwa kwa kamba. Matundu ya vibanio yatasafishwa na kuachwa wazi. Gharama yoyote ya ziada itakubaliwa kwa maandishi kabla ya kazi."

Ongeza aina ya rangi, idadi ya mipako, tarehe ya kumaliza, arbuni iliyotolewa na kiasi kilichobaki. Ujumbe mfupi wa simu unaojibiwa "sawa" nao ni maandishi, usiufute. Arbuni itoshe kununua rangi na praima, na salio lilipwe kwa hatua, ya mwisho ikiwa baada ya mapambo kurudishwa. Ukibadilisha rangi ya gari, kumbuka kwamba rangi ya zamani imeandikwa katika hati ya usajili, na badiliko hilo sharti lipelekwe kwa mamlaka ya usajili kabla ya polisi kukuuliza barabarani.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaostahili, kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike na huduma hiyo kikamilifu, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Haki ya taarifa ndiyo inayohusika zaidi hapa: ulistahili kuambiwa kama vipande vitang'olewa au vitafunikwa. Mazungumzo yakishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Picha zako za kwanza, zile ulizopiga kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, ndizo zitakazosema pale neno lako na la fundi yatakapogongana.

Kurudisha

Rangi iliyokauka kwa kugusa bado ni laini ndani. Muda wa kungoja hutegemea aina ya rangi na hali ya hewa, hivyo fuata maelekezo yaliyo kwenye mkebe na umwombe fundi akuonyeshe. Kipande kikikazwa mapema kitazama ndani ya rangi na kuacha alama.

Paka rangi au nta ya kuzuia kutu kuzunguka kila tundu kabla ya kuingiza kibanio, na utumie vibanio vipya. Vya zamani vimekwisha kupoteza mkazo wake. Kama aina ya vibanio vya gari lako huja na vizibo vidogo vya raba, visiachwe, kwa kuwa ndivyo vinavyozuia maji. Jaribu ukanda kwa mkono kabla ya kuugonga, kisha uubonyeze kibanio kimoja kimoja kwa kiganja kilichofunikwa kitambaa. Nyundo haihitajiki.

Siku ya kulichukua gari, nenda mchana na si jioni chini ya taa ya gereji. Fungua milango, boneti na buti. Tazama kingo na raba. Hesabu vipande kwa kufuata picha zako, na uombe vilivyo vyako vilivyobaki: skrubu, vibanio vya akiba, hata raba ya zamani iliyokatwa, kwa kuwa hiyo ndiyo kielelezo cha kununulia nyingine. Ukikuta kasoro, iandikwe chini ya makubaliano yale yale, fundi atie sahihi na tarehe ya kuirekebisha, na salio libaki mfukoni mwako hadi siku hiyo.